Usihesabu Antena, Tazama Kuta
Muuzaji akikuonyesha ruta yenye antena sita zilizosimama wima, usizihesabu. Muulize kama inarusha kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, kisha zikumbuke kuta za nyumba yako. Wenzetu wa Mji Mkongwe na Lamu wanalijua hili vizuri: nyumba zao za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene mno. Gigahezi 5 ina kasi, lakini ukuta wa namna hiyo huimaliza nguvu; gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ingawa ni ya polepole, na kwenye maghorofa huzongwa na ruta za majirani. Katika nyumba hizo za kuta nene, ruta moja ya bei kubwa iliyofichwa nyuma ya kabati haitafika chumba cha uani. Bora mbili za bei ya wastani zilizounganishwa kwa waya, moja chini, nyingine juu, zote zikae mahali pa wazi. Wala ruta ghali haikigeuzi kifurushi cha intaneti cha megabiti 10 kwa sekunde kuwa cha 50; nasikitika kuona watu wakimwaga fedha kwa tumaini hilo. Mwenye ofisi ndogo aangalie pia matundu ya waya ya kutosha, na umeme: ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo ya akiba huiweka hewani umeme unapokatika. Ukishainunua, tafadhali, badilisha nywila ya kiwandani siku hiyohiyo.