Mchi Hauna Haja ya Sifa Zenu

Nimechoka kusoma mashairi ya kinu. Kila nifunguapo kurasa za namna hii, hakosekani mtunzi mmoja anayelia kwamba mashine imeua uzuri wa zamani: mchi umenyamaza, mlio wa kutwanga alfajiri hausikiki tena, na mila imezikwa pamoja nao. Vina vimetulia, mizani imetimia, na machozi ni mengi. Lakini mtu aliyewahi kutwanga akiusoma ubeti huo, hutambua mara moja kwamba mwenye kulia hakupata hata siku moja kuota sugu kiganjani. Yeye alikuwa kitandani, akiusikia mlio.

Mimi nimekulia Ruhuwiko, Songea. Nyinyi wa pwani mna nazi na mbuzi yake. Sisi tuna mahindi. Basi niruhusuni niieleze kazi yenyewe, maana washairi huiruka. Mahindi ya sembe hunyunyiziwa maji, yakatwangwa mpaka ganda litoke. Huko ndiko kukoboa. Hupepetwa, pumba zikaenda upande wake. Kisha punje hulowekwa siku mbili tatu, zikaoshwa, zikaanikwa kidogo, zikarudishwa kinuni kutwangwa upya. Unga huchekechwa, na chenga zilizobaki hurudi tena kinuni. Yote hayo kwa ajili ya ugali ambao watu wataumaliza kabla jua halijachwa. Wanawake wawili au watatu hukizunguka kinu kimoja, michi ikipokezana, nao huimba. Mshairi auskiapo wimbo ule husema: tazameni furaha ya kazi! Kumbe wimbo uliwekwa ili mikono isahau, na ili mchi wa huyu usigongane na mchi wa mwenzake.

Debe moja la mahindi, yapata kilo 18, hutoka mashineni likiwa unga kabla waliomo foleni hawajamaliza kuulizana hali. Kwa miaka mingi mashine zetu zilinguruma kwa dizeli, na mji wenyewe wa Songea uliishi kwa jenereta za dizeli mpaka ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme itokayo Makambako. Sijamsikia mwanamke hata mmoja wa Ruhuwiko akiulilia mchi siku hiyo.

Nitaambiwa kwamba unga wa mashine umepoteza lishe. Hoja hii hupendwa sana na watu wasiopika. Lishe hupotea katika kukoboa, na mchi nao ulikoboa. Kuloweka na kuosha kukazidisha hasara. Mashine hiyo hiyo mnayoilaani ndiyo isagayo dona, punje nzima na kiini chake, ikiwa mlaji ataridhika na ugali usio mweupe. Kumlaumu chuma kwa uchaguzi wa mlaji ni kutwanga maji kinuni.

Wala sisemi kwamba kila kipya ni bora. Yapo madude ya plastiki yanayouzwa kwa mbwembwe na kufa kabla ya mavuno mengine, nami sina neno jema juu yake. Ungo, kwa upande wangu, nauenzi. Kiganja hurusha, kiwiko hutikisa, upepo ukachukua makapi. Punje nzito hurudi nyuma, vumbi na maganda yakasogea ukingoni, na jiwe dogo likajidhihirisha lenyewe. Mwenye kupeleka mahindi mashineni huyapepeta kwanza nyumbani. Ungo umebaki kwa sababu wanaoutumia bado wanautaka, na hakuna shairi lililohitajika kuunusuru.

Hicho ndicho kipimo ninachokidai: aulizwe aliyeshika mpini. Nanyi wa visiwani ijaribuni kwa mbuzi yenu. Aketiye juu ya kibao akikuna nazi, goti limekufa ganzi na kidole kimeparuzwa na meno ya chuma, anayajua mambo ambayo mla wali wa nazi hayajui. Mashine ya kukunia nazi ilipoingia sokoni, alikwenda kusimama foleni. Aliyebaki nyumbani kuandika beti za maombolezo alikuwa nani?

Itazameni pia nembo ya Taifa. Jembe limo, shoka limo, mkuki umo. Mwanamke amesimama kando ya ngao, na mkononi ameshika pembe ya ndovu. Mchi haumo. Chombo kilichowalisha watu kila siku hakikupata nafasi pale wakati kilipokuwa kikifanya kazi. Leo kimepumzika, ndipo watunzi wanakumbuka kukipamba. Atakaye kukiandika, na akiandike kwa uzito wake: aeleze bega, aeleze mtoto aliyefungwa mgongoni akitikiswa kwa kila pigo, aeleze saa ya kuamka.

Kinu chetu kingali nyuma ya nyumba. Hutwangiwa karanga na kisamvu, kiasi cha mboga ya siku moja, kisha mama hukigeuza chini juu, na watoto hukikalia.