Vijana wa Turkana, Nunueni Gari la Barabara Yenu

Ndugu zangu vijana mnaofanya kazi Lodwar na Kakuma, nawaandikia kwa sababu ya swali ambalo halikosekani siku hizi penye kijana aliyepata mkopo wa sako: nichukue Subaru Forester ya turbo au ile ya kawaida? Swali hilo si dogo. Jibu lake laweza kumpa mtu usafiri wa raha kwa miaka mingi, na laweza kumwachia deni linaloendelea kukatwa kwenye mshahara huku gari lenyewe limelala juu ya mawe uani. Nasema mapema ninaposimama. Kwa mtu anayeishi na kusafiri kati ya Lodwar na Kakuma, toleo la kawaida, lenye tairi nene na injini isiyo na turbo, ndilo chaguo la busara, na fedha inayobaki iwekwe kwenye matunzo. Nitazitaja sababu zangu, nanyi mzipime.

Kwanza tuangalie tamaa ya turbo ilitoka wapi. Sifa ya Subaru hapa Kenya haikuzuka bure. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya 4 akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa gari hilo hilo, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena. Watoto waliosimama kando ya barabara wakala vumbi lake ni watu wazima leo, na ile buluu yenye rimu za dhahabu haijawatoka machoni. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi waliotangulia njiani na vipuri vyao, helikopta iliyoyafuata kutoka angani, na matairi mapya yaliyokuwa yakiyasubiri mbele. Wewe ukipasua rejeta jioni ukielekea Kakuma, una simu yako na huruma ya wapita njia.

Tena mashindano yenyewe yana somo ambalo wengi hawalitaji. Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari kigari kidogo kiitwacho Vivio, chenye injini ya cc 660 tu. McRae, ambaye kwa kasi hakuwa na mpinzani kikosini, aliishia njiani. Njiru alikipeleka chake taratibu, akakifikisha mwisho, akashika nafasi ya 12. Aliyejua njia ndiye aliyefika.

Sasa tuyaelewe matoleo yenyewe. Forester iliyo nyingi kwenye soko la magari yaliyokwisha kutumika nchini ni ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2012. Toleo lake la kawaida, 2.0i na nduguye 2.0i-L, lina injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 148. Toleo la 2.0XT lina lita hizo hizo 2, ila turbo imezipandisha nguvu hadi farasi 280. Yote yameinuka milimita 220 kutoka ardhini, na yote hupeleka nguvu kwenye magurudumu manne wakati wote. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Anayelipia XT hanunui hata milimita moja zaidi ya kuinuka juu ya mawe, wala gurudumu la tano la kumvuta mchangani. Ananunua kasi. Liko pia toleo la tS, lililopitia mikononi mwa STI, kitengo cha michezo cha Subaru. Hilo limeshushwa chini kidogo ili lishike kona vizuri. Kwenye lami laini ya Japani ni gari tamu, lakini kwenye mawe ya Turkana kule kushushwa ni hasara uliyoilipia.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8, huangukia kizazi kilichoanza 2018. Humo atakuta Touring, Premium, X-Break na Advance, kisha Sport ya turbo ya lita 1.8 iliyoongezwa mwaka 2020. Sport na Premium hung'aa kwa rimu za inchi 18. X-Break ina rimu za inchi 17, tairi za misimu yote, na viti vya kitambaa kisichonywa maji. Ukinitaka nichague humo kwa ajili ya njia ya Kakuma, nitakuonyesha X-Break au Touring, wala sitasita.

Mtauliza: inchi moja ya rimu ina uzito gani? Twendeni barabarani. Kati ya Lodwar na Kakuma kuna kilomita zipatazo 120. Barabara kuu ya A1, iliyojengwa upya kutoka Lokichar kuelekea Nadapal kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imetuondolea mateso makubwa ya zamani, na ni haki tushukuru. Lakini maisha yetu hayaishii kwenye lami. Shule, zahanati, kisima, mji wa mzazi, vyote viko ndani. Ukitoka kwenda Eliye Springs unakutana na mchanga. Ukiingia vijiji vya Kalobeyei unakutana na mawe. Forester ya kawaida ya kizazi cha 2012 huvaa tairi ya 225/60 kwa rimu ya 17, na XT huvaa 225/55 kwa rimu ya 18. Fanya hesabu: ya kwanza ina ubavu wa milimita 135, ya pili 124. Milimita hizo 11 za mpira na hewa ndizo zinazosimama kati ya jiwe na rimu yako. Na ukitaka kupunguza upepo ili upite mchangani, mwenye ubavu mnene ana nafasi ya kupunguza, mwenye ubavu mwembamba ataikunja rimu.

Kisha kuna mathenge. Mti huu ulioletwa kuzuia jangwa umeifunga mito na vichochoro vyetu. Nimemwona fundi wa panchari Kakuma akiuvuta mwiba wake kwa koleo kutoka kwenye tairi la Subaru: mgumu kama msumari, mrefu kama kiungo cha kidole, na haukuingia kwenye kashata bali ubavuni, mahali ambapo kiraka hakitegemewi. Mwenye gari alitaka tairi moja tu ya mtumba, ya saizi iliyokuwapo, aendelee na safari. Fundi akamkatalia kwanza, na alikuwa na haki. Gari linalovuta kwa magurudumu manne linataka tairi nne zinazolingana mzingo. Moja ikiwa kubwa au ndogo kuliko nyingine, ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana kila mzunguko, na kinachoungua ni kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu, ambacho bei yake hulii mara moja. Kwa hiyo tairi utakayoivaa iwe ya saizi unayoweza kuipata karibu. Tairi za magari yetu ya kazi nyingi ni za rimu ndogo, na kadiri rimu inavyopanda ndivyo utakavyosubiri basi la kutoka Kitale au Eldoret.

Sababu nyingine ni joto. Lodwar mchana hufika nyuzi 35 na kupita kwa miezi mingi. Turbo huendeshwa na moshi wa moto unaotoka injini, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta yakichakaa, au yakipungua bila mwenyewe kujua, mhimili huo hausamehe. Injini zote zinataka mafuta safi na chujio la hewa lisilojaa vumbi, na katika vumbi letu inafaa kubadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Lakini injini ya kawaida hukuvumilia ukichelewa kidogo, na turbo hukutoza papo hapo. Tena kiwanda kiliagiza XT inyweshwe petroli ya daraja la juu, ile ambayo ni adimu ukishaiacha miji mikubwa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kawi, hutangaza bei mpya na sote hushika vichwa, hata sisi tunaoyanywesha magari yetu petroli ya kawaida.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. KRA, mamlaka ya mapato, hukadiria ushuru wa gari lililotumika kwa kuanzia bei ya gari jipya la toleo lile lile, kisha hukata kwa umri. Maana yake ni kwamba kila pambo la toleo la juu linatozwa kodi hata kama hutalitumia. Ushuru wa forodha, kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 1500 ni asilimia 25, na VAT asilimia 16, kila kimoja kikipanda juu ya kilichotangulia. Chukua shilingi 100,000 za thamani ya forodha: zinakuwa 135,000, kisha 168,750, kisha 195,750. Kwa hiyo kila laki moja unayoongeza kwa ajili ya toleo la juu inazaa kodi ya shilingi 95,750, kabla ya ada nyingine. Laki tatu za fahari ni karibu laki sita mfukoni.

Na mfuko wenyewe wengi wenu mmeujaza kwa mkopo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuliona mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake: mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma ukapunguzwa, na wafanyakazi wa mashirika wakaambiwa mikataba haitaongezwa. Kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja anawezaje kujifunga mkopo wa miaka minne kwa ajili ya farasi 280? Pima mkopo wako kwa urefu wa mkataba ulio nao mkononi, usiupime kwa matumaini ya mkataba ujao.

Najua majibu yenu. Wapo watakaosema turbo ni usalama, kwamba ukitaka kulipita lori huhitaji kubaki ubavuni mwake muda mrefu. Ni hoja ya kweli, nami siidharau. Lakini sheria yetu ina ukomo wa kasi hata kwenye barabara kuu, na farasi 148 wanaufikia bila taabu. Anayepita lori salama ni yule anayesubiri aone mbele, awe na turbo au asiwe nayo. Wengine watasema turbo haipotezi bei ukiuza. Mnunuzi mwenye akili akiona turbo iliyoishi Turkana huuliza kwanza kitabu cha matengenezo, na ukikosa kukionyesha hushusha bei mpaka uchoke. Wapo pia watakaosema ujana ni mara moja. Kweli, na miaka ya kulipa deni nayo ni ya ujana huo huo.

Wazee wetu wafugaji wametuachia mfano: hawachagui ngamia kwa rangi ya ngozi, huchagua yule atakayeuvuka ukame na bado akatoa maziwa. Tuchague magari yetu kwa jicho hilo.

Lakini nionye jambo moja kwa nguvu zote, hata kwa atakayenisikiliza akanunua toleo la kawaida. Magurudumu manne yasikutie kiburi mbele ya lagga, ule mto mkavu unaofurika kwa ghafla. Mvua hunyesha milimani upande wa Uganda au Pokot, Lodwar ikiwa na jua kali, kisha maji yanakuja ghafla yakiwa na miti na mawe ndani yake. Mto Tarach pale Kakuma huwa mchanga mtupu asubuhi na jioni ukameza. Kitufe cha X-Mode, kwa matoleo yaliyonacho, kinasaidia kwenye mchanga na utelezi kwa mwendo mdogo, na hujizima mwendo ukipita kilomita 40 kwa saa. Kwenye maji yanayokwenda hakina msaada, kwa sababu gari likishaelea halina gurudumu linaloshika chini. Ukikuta lagga inatiririka, simama, zima injini, ngoja. Waliongoja wamelala kwa watoto wao usiku uliofuata.

Basi shauri langu ni hili. Chagua toleo lisilo na turbo, lenye rimu za inchi 17, na kama unaweza, lenye kitufe cha X-Mode. Kabla ya kulipa, mwite fundi unayemwamini, asiwe wa muuzaji, aangalie mafuta ya injini, rejeta, na tairi zote nne kama zinalingana. Ile fedha uliyookoa igawe: tairi ya tano kamili badala ya ile nyembamba ya dharura, mafuta na vichujio vya mwaka mzima, bima, na akiba ya kulipa mkopo kwa miezi mitatu kazi ikikatika. Beba maji ya rejeta na ya kunywa. Kitabu cha matengenezo kijaze kila unapomwona fundi.

Vijana wa Turkana, hakuna anayewanyima kupenda gari zuri. Mmesoma kwa shida, mmefanya kazi, mnastahili. Lakini wako nyuma yenu wazazi wanaotaka kupelekwa hospitali usiku, na wadogo zenu wanaosubiri karo. Gari litakalowasaidia hao ni lile litakalowaka asubuhi ya mwaka wa tano, deni likiwa limekwisha. Kanunueni hilo.