Hesabu wanayo, ila lazima nilipe ili niwaambie

Nimekuwa kimya, msinichoke. Huku ni msimu wa kodi, na kila simu ya nyumbani inaanza na salamu na kuishia na "ile pesa ya kodi imetoka?" Hahaha. Shangazi, shikamoo, leo najibu mara moja kwa wote.

Ile pesa si zawadi ya serikali. Ni mshahara wangu uliokatwa kupita kiasi, yaani niliwakopesha mwaka mzima bila riba, na ili wanirudishie lazima nijaze fomu. Huko nyumbani mwajiri akishakata PAYE na kuipeleka TRA, mtu wa mshahara tu habari yake kwa kawaida imeisha. Hapa mwajiri anakata, anapeleka, halafu karatasi ya W-2 yenye kila senti niliyopata inawafikia IRS pia. Nakala napewa mimi. Naichukua, naendesha gari kutoka Fort Worth mpaka Irving, namlipa mtu awaambie IRS kile wanachokijua tayari! Akikosea, barua naletewa mimi. Sasa kama jibu mnalo, mtihani wa nini?

Na wala si kwamba haiwezekani. Mwaka 2024 IRS walijaribu Direct File, bure kabisa, katika majimbo 12, Texas likiwemo. Nilijaza mezani jikoni, chai haijapoa. Mwaka 2025 yakawa majimbo 25. Msimu wa 2026 wameifunga. Kampuni zinazouza programu za kujazia kodi zilikuwa zinaipinga tangu mwanzo, mjazie wenyewe.

Wenyeji nao wana dawa zao. Dick Armey, aliyekuwa mbunge wa vitongoji vya Dallas, miaka ya 1990 alitaka kila mtu alipe asilimia 17 na fomu iwe ndogo kama postikadi. Wafanyabiashara wa Houston wakaja na FairTax: futa kodi ya mapato, weka kodi ya mauzo ya asilimia 23. Muswada wake unarudishwa Bungeni tangu 1999 na haujapita. Binamu yangu wa Houston anaushabikia, tukikutana tunabishana mpaka pilau inapoa. Binamu, hiyo 23 wameihesabu ndani ya bei! Ukiihesabu juu ya bei, kama VAT yetu ya Bara ya 18, inafika karibu 30. Kitu cha dola 100 utakilipia 130. Najua, wanaahidi kurudishia kila kaya kiasi fulani kila mwezi. Lakini tajiri mshahara wake mwingi anauweka, sisi wabeba maboksi wetu wote unaishia dukani. Postikadi ya Armey naitaka, kiwango kimoja kwa bosi na mfagizi sikitaki.

Badala ya kupunguza wameongeza. Tangu tarehe 1 Januari 2026, ukituma pesa nje ya nchi kwa kulipa taslimu dirishani, unakatwa asilimia 1. Ukilipa kwa akaunti ya benki au kadi ya hapa, hukatwi. Anayeumia ni yule asiye na akaunti.

Shangazi, mabati nayakumbuka. Nimejaza wiki iliyopita, yule wa Irving kachukua dola 180 zake. Kitakachobaki natuma kwa kadi.