Tableti za Kabatini

Nimefundisha nje kidogo ya Kakuma, na nitasema wazi: shule yetu haikunyimwa vifaa. Tableti zililetwa. Zilikaa kwenye kabati la chuma ofisini, ufunguo ukining'inia shingoni mwa mwalimu mkuu. Stima hatukuwa nayo. Jua lilikuwa la bure, lakini paneli hatukupewa. Fundi wa karibu alikuwa Lodwar, zaidi ya kilomita 100. Msimu wa kuingiza alama kwenye tovuti ya KNEC nilipanda boda hadi mjini, nikanunua bando kwa pesa yangu, nikakaa kibandani hadi usiku tovuti ifunguke.

Sasa niambie, huo ndio usawa?

Mwaka 2013 serikali iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ikageuka tableti, na shule zote za msingi za umma zikawekwa kwenye mpango mmoja. Kwenye karatasi, Westlands na Turkana Magharibi ni sawa. Hesabu hiyo ndiyo inaniudhi. Kugawa sawa si kugawa kwa haki.

Na tusidanganyane eti kaskazini hakuna umeme. Bwawa la Turkwel, kwenye mto uleule unaopita Lodwar, lina uwezo wa megawati 106. Nyaya zikaelekea kusini, Lodwar ikabaki na ngurumo za jenereta za dizeli miaka na mikaka. Umeme ulikuwepo. Ulitupita tu.

Wengine huwalaumu wakimbizi: eti kambini UNHCR na Vodafone Foundation wameweka madarasa ya intaneti, wenyeji wanakodoa macho. Mimi simo. Mtoto wa mkimbizi hajaninyang'anya kitu. Ila kama wafadhili wanaweza kuleta sola, mtandao na mafunzo ya walimu kwa pamoja, Nairobi inashindwa na nini?

Kabla ya kununua tableti nyingine hata moja, bajeti ianzie mwisho wa barabara: paneli na betri, mtandao, fundi katika kila kaunti ndogo, bando la mwalimu. Shule yenye Wi-Fi tayari ingoje foleni. Sisi tumengoja vya kutosha.

Maana mwanafunzi wangu wa Gredi ya 9 anachaguliwa shule kupitia tovuti ileile anayotumia mwenzake wa Westlands. Tovuti haimuulizi kama kwao kuna stima.