Bastola ya Mfaransa tunaijua, bunduki za Chetambe je?

Vijana wenzangu wa Lurambi, tuambiane ukweli. Video za wakusanyaji wa bastola kuukuu za Ufaransa zinanoga. Mara ni Lefaucheux ya 1858 ya jeshi la majini, mara Chamelot-Delvigne ya 1873 kutoka Saint-Étienne, silinda yake ikizunguka na risasi sita. Bando linaisha na bado unataka nyingine.

Kule Ufaransa, mtu mzima anaruhusiwa kununua silaha nyingi za muundo wa kabla ya 1900. Hapa Kenya bunduki ni cheti kwanza, na sidhani unataka kuwa yule anayemweleza polisi kituoni kwamba chake ni pambo tu.

Lakini shida yangu si sheria pekee. Mbona tunajua chuma cha Mfaransa na hatujui cha kwetu? Misafara ya pembe za ndovu ilileta bunduki hadi kwa Nabongo Mumia, huko Wanga. Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya, Ufaransa ikiwemo, yalikubaliana Brussels kuzuia silaha za kisasa zisimfikie Mwafrika. Mwaka wa 1895 Waingereza wakawataka Wabukusu wasalimishe bunduki zao. Wakakataa, na damu ikamwagika Lumboka na Chetambe. Kwa hivyo kile ambacho Mfaransa leo anakitundika sebuleni, babu zetu walikipigania.

Sheria yetu ya makavazi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, mwaka uleule wa Chetambe. Ila kijijini vitu vya aina hiyo vinaishia kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, kwa kilo.

Kukusanya si kubaya. Makavazi ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja tu, Hugh Stoneham. Basi anza na mkuki, jembe la zamani au bangili ya kukuu, na umrekodi mzee akikueleza vilitoka wapi. Ukipata bunduki kwa boma, usipige nayo picha wala kuiuza. Ripoti polisi, na uombe watu wa makavazi wahusishwe.

Simu unayotazamia bastola za Ufaransa ndiyo hiyohiyo ya kumrekodi guka. Wazee hawatungoji.