Mali bila daftari: funzo la mipaka ya Ruaha

MKULIMA wa Mgololo, wilayani Mufindi, hahitaji kufundishwa thamani ya ardhi. Anaishi jirani na kiwanda cha karatasi na anaona misitu ya kupandwa ilivyotanda wilaya nzima. Anajua kuwa ekari chache za mahindi, viazi au miti ya mbao ndizo ada ya shule, matibabu na mtaji wa duka. Ndiyo maana yaliyowakuta wenzake wa Mbarali, mkoani Mbeya, katika suala la mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hayapaswi kumpita hivi hivi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, mipaka yake ilipanuliwa ikalimeza Pori la Akiba la Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu, na eneo lake likafikia kilometa za mraba 20,226. Sababu ya kufanya hivyo ilikuwa nzito. Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi. Huo ni miongoni mwa mito inayojaza Bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Maji ya bonde hilo hilo ndiyo yanayootesha mpunga unaouzwa kwa jina la mchele wa Mbeya. Hakuna mkulima mwenye akili timamu anayetaka yakauke.

Tatizo ni kwamba mstari uliochorwa kwenye karatasi uligusa pia vijiji na mashamba ya watu. Wananchi waliendelea kulima na kufuga, huku kisheria sehemu ya ardhi yao ikihesabiwa kuwa hifadhi. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuwa baadhi ya vijiji vingeondolewa. Wapo wakulima waliokwenda Mahakama Kuu. Oktoba 2023 likatoka Tangazo la Serikali Na. 754, lililorekebisha mipaka ya mwaka 2008. Yaani miaka 15 ilipita kabla ya mstari ule kurekebishwa!

Hasara ya mgogoro wa aina hii haiishii kwa mwenye shamba. Mkulima asiyejua kama mwakani atakuwa hapo hachimbi mfereji wala hajengi ghala, na anayemkopesha pembejeo humwangalia mara mbili. Mnunuzi wa mpunga wa Ubaruku au Rujewa naye hupungukiwa mzigo. Hata hifadhi yenyewe huumia. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliopangiwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulisimamishiwa fedha Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi kuhusu Ruaha, na Novemba mwaka huo ukafutwa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inampa Rais mamlaka ya kutangaza eneo kuwa hifadhi ya taifa, kwa ridhaa ya Bunge na kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Mipaka nayo hubadilishwa kwa njia hiyo. Eneo likishatangazwa, haki za watu juu ya ardhi ile hukoma, na usimamizi huwa chini ya Bodi ya Wadhamini ya TANAPA. Kulima, kuchunga na kuwinda humo ni kosa. Hivyo anayesubiri kuona vigingi ndipo aulize, huwa amechelewa.

Lakini kabla ya kufika huko kuna mlango ambao wengi hawaujui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kipewe taarifa ardhi yake inapotaka kuhamishwa. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, ila ni lazima kwanza azingatie maoni ya mkutano huo. Zaidi ya hayo, ardhi haihamishwi mpaka aina, kiasi na utaratibu wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa. Hiyo ni sheria ya nchi, wala si hisani ya ofisa yeyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawashauri viongozi wa vijiji vya Mufindi, Makete, Mbarali na kwingineko wahakikishe kijiji kina cheti cha ardhi chenye mipaka iliyokubaliwa na majirani, mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mihutasari ya mikutano iliyosainiwa na kutunzwa vizuri. Mkulima mmoja mmoja naye aombe hati ya hakimiliki ya kimila. Tangazo la Serikali likitoka, kijiji kitafute nakala na ramani yake, kisha kimwite mpimaji wa wilaya aonyeshe mstari unapita wapi. Anayenunua shamba kijijini aulize kwanza halmashauri ya kijiji kabla ya kutoa fedha.

Kwa upande wa serikali na TANAPA, rai yetu ni moja. Mstari utembelewe kwa miguu, wanakijiji wakiwepo, kabla haujapelekwa bungeni. Anayestahili fidia alipwe kwanza, ndipo aambiwe ahame. Ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, isibaki kwenye makabati ya mjini.

Nyanda za Juu Kusini zinahitaji hifadhi. Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kulinda maua yake adimu, na Ruaha yenye tembo na mto wake, ni urithi wa watoto wetu. Lakini mlinzi wa kwanza wa hifadhi ni jirani yake. Jirani aliyelipwa haki yake na kuonyeshwa mpaka atamfichua jangili. Aliyeamka akaambiwa shamba lake si lake, hana sababu ya kufanya hivyo.