Beni Haikuwa Kuiga Wazungu Tu

Neno «beni» likitajwa darasani kwetu, maelezo huwa mafupi: limetokana na bendi ya Kiingereza, ngoma yenyewe ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, na wachezaji waliiga sare, gwaride na vyeo vya Wazungu. Hayo ni kweli. Ila mimi naona tukiishia hapo tunasoma nguo na kumwacha mtu aliyeivaa.

Marini na Arinoti, makundi makubwa ya beni, yalikuwa vyama vya undugu. Mwanachama alitoa mchango. Akiugua, alitunzwa, akifa, alizikwa na wenzake, akifika mji wa ugeni, alipokelewa na watu wa chama chake hata kama hawakuwa kabila moja naye. Lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Tuweke jambo hilo katika vita vya 1914-1918. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walipigana Afrika Mashariki kwa migongo ya wapagazi. Askari wa Force Publique kutoka kwetu waliingia Tabora Septemba 1916, na nyuma yao walikuwa wapagazi wengi sana. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa majeshi hayo walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote.

Ni katika miaka hiyo hiyo beni ilisambaa barani, ikabebwa na askari na wapagazi, na baadaye ikafika migodi ya Katanga. Sishangai. Pale ambapo serikali haikuandika jina la maiti, chama chenye «Kingi» na «Gavana» wake kilijua nani amekosekana.

Kuna watakaosema kwamba fedha nyingi ziliishia kwenye karamu na mashindano ya fahari. Ni kweli, na wengine waliingia madeni. Lakini anayeonekana kila wiki kwenye ngoma ndiye anayeulizwa siku asipoonekana. Karamu ndiyo iliyofanya watu wafahamiane kabla ya msiba. Watawala wa Kiingereza na wa Kibelgiji walishuku vyama hivi. Walitafuta njama humo, wakati mambo mengi yalikuwa michango na mazishi.

Kwa hiyo, sisi wa lugha tusipime «Kingi» kwa asili yake ya Kiingereza peke yake. Tupime kwa kazi yake: mtu wa kumwendea usiku wakati una maiti ndani na huna sanda.

Nasema haya kwa sababu vita havijatuacha. Mashariki mwa nchi yetu, vikundi vya likelemba na vya matanga vinapokea wakimbizi na kununua majeneza, na vina vyeo, faini na maneno yao. Madaftari yao yanapotea kila mara watu wanapokimbia. Wahadhiri wetu wakubali kazi za mwisho wa masomo juu ya madaftari hayo, nasi wanafunzi tuende kuyasoma pamoja na wenyewe, kwa ruhusa yao, wakati bado yapo.